Utatuzi wa Matatizo ya Letusi Inayokuzwa kwa Haidroponiki katika Vivungulio vya Nairobi

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yanayorudiwa na wakuzaji wa letusi, au saladi kama wengi wanavyoiita, kuanzia Limuru kwenye baridi na ukungu hadi Kitengela na Athi River kwenye jua na vumbi. Katika haidroponiki, yaani kukuza mimea kwenye maji ya virutubisho bila udongo, mfumo unaozungumziwa zaidi hapa ni ule wa mifereji, ambamo maji ya virutubisho hupita chini ya mizizi yakiwa membamba kama utando kisha hurudi tangini, ingawa mengi yanayoelezwa yanawahusu pia wanaokuza letusi juu ya maboya yanayoelea kwenye vidimbwi.

Mara nyingi mkulima anapoomba msaada huwa ameshaongeza kitu tangini: mbolea zaidi, asidi zaidi, dawa aliyopendekezewa dukani. Kila kinachoongezwa bila kupimwa huficha chanzo cha tatizo, na anayekuja baadaye hulazimika kutibu matatizo mawili badala ya moja. Kwa hiyo kila sehemu hapa chini inaanza na ukaguzi usiogharimu kitu, na marekebisho mazito yanafuata baadaye.

Kabla ya dalili yoyote: je, vipimo vyako vinasema kweli?

Mita ya pH, yaani ile inayopima ukali wa asidi majini, hurekebishwa kwa myeyusho wa 7.00 kisha wa 4.01, na mita ya EC, yaani ile inayopima wingi wa chumvi majini, kwa myeyusho wa 1.413 (namba zote za EC humu ni milisiemens kwa sentimita). Kazi hiyo huchukua dakika 10 na inafaa kufanywa kila wiki. Ncha ya mita ya pH ikiachwa ikauke, au ikihifadhiwa kwenye maji yaliyoondolewa chumvi zote badala ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu, huharibika polepole na kuanza kusoma uongo bila kuonyesha ishara yoyote. Nimewahi kumkuta mkulima aliyenunua madini ya chuma kwa wiki kadhaa kwa sababu mita yake ilisoma 5.8, ilhali maji yake yalikuwa yamepita 7.

Letusi iliyohamishwa hustawi kwenye pH ya 5.5 hadi 6.5, EC ya takriban 1.2 hadi 1.8, na maji yenye joto la nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Miche michanga hutosheka na EC ya karibu 0.8. Andika vipimo vya asubuhi na vya alasiri kwenye daftari, kwa kuwa kipimo kimoja pekee hakionyeshi mwelekeo wa mambo.

Mimea inanyauka

Swali la kwanza ni la saa. Mimea inayolegea saa saba mchana na kusimama tena jioni ina mizizi hai ambayo haipati maji ya kutosha wakati wa jua kali. Mimea iliyonyauka tangu alfajiri, kabla ya joto, kwa kawaida ina mizizi iliyoharibika, na mwenye dalili hiyo aende moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata.

Kisababishi kinachoongoza ni maji kutofika. Shika jagi lenye vipimo, likinge mwishoni mwa kila mfereji kwa dakika moja, na uandike ulichopata; mfereji unaofanya kazi vizuri hutoa lita moja hadi mbili. Ikiwa mifereji yote imepungua, kagua chujio na pampu. Ikiwa ni mmoja au miwili tu, tazama kimrija kinachoingiza maji, ambacho huzibwa na vipande vya sponji, chumvi ya mbolea iliyoganda, au mzizi uliojipenyeza. Kisha angalia mteremko, ambao unapaswa kuwa sentimita 1 hadi 3 kwa kila mita. Mfereji uliobonyea katikati hutuamisha maji, na mimea iliyo kwenye dimbwi hilo hunyauka ikiwa imezungukwa na maji, kwa sababu mizizi yake haina hewa. Mifereji inayozidi mita 12 hadi 15 hufikisha maji yaliyochoka kwenye mimea ya mwisho, na hapo dawa ni kuifupisha au kuongeza mahali pa kuingizia maji katikati.

Kukatika kwa stima ni kisa cha aina yake. Kwenye maboya, mizizi hubaki majini na mkulima ana saa kadhaa za kujipanga. Kwenye mifereji, utando wa maji hukauka upesi, na mchana wa Februari mimea huweza kuanza kulegea kabla ya saa moja kwisha. Asiye na jenereta anaweza kuinua tangi la akiba na kulifungia valvu inayojifungua yenyewe stima inapopotea, ili maji yateremke kwa uzito wake. Jenereta iwekwe nje, mahali penye upepo, kwa sababu moshi wake ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Kisababishi cha pili ni maji ya moto, ambayo yameelezwa katika sehemu ya mizizi. Cha tatu ni EC iliyopanda kimyakimya: wakati wa ukavu mimea hunywa maji mengi kuliko virutubisho, chumvi hubaki nyuma, na tangi lililokuwa 1.5 Jumatatu likawa 2.3 Ijumaa. Ongeza maji matupu kidogo kidogo kwa siku nzima, usiyamwage yote kwa mara moja.

Simamisha kazi hapa: ikiwa unahisi mtetemo wa stima unapogusa maji au chuma cha kivungulio, au ikiwa swichi kuu inajizima mara kwa mara, zima umeme kwenye chanzo, usitie mkono tangini, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini.

Mizizi imegeuka kahawia na ina utelezi

Si kila mzizi wa kahawia ni mgonjwa. Unga wa makumbi ya nazi huitia mizizi rangi ya chai, na hata chuma kilichomo kwenye mbolea huweza kuipaka. Ili kutofautisha, shika mzizi mmoja kwa vidole viwili na uuvute taratibu. Ngozi ya nje ikivuliwa na kuacha uzi mwembamba mweupe, huo ni uozo. Harufu pia husaidia, kwani mizizi iliyooza hunuka kama kinamasi.

Chanzo cha kawaida kabisa ni upungufu wa oksijeni, na hapa Nairobi ina hali yake ambayo miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya haiizingatii. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Maji ya nyuzi 20 yaliyo pwani huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Hapa, maji hayo hayo hubeba kama 7.4, na yakifika nyuzi 28 hubakiwa na takriban 6.4 hata yakikorogwa vipi. Wakati huo huo, mizizi yenye joto hupumua zaidi na kuhitaji oksijeni zaidi. Kwa hiyo joto la maji ambalo mkulima wa nchi tambarare angelivumilia, sisi hatuna nafasi ya kulivumilia.

Anza kwa kugusa bomba jeusi linalopita nje juani. Nimeona tangi lililofukiwa kwa gharama kubwa likipashwa moto na mita chache za bomba ambalo hakuna aliyelifikiria. Lifunike au lifukie, lipake tangi rangi nyeupe, litie kivuli, na uyaache maji yanayorudi yaanguke kutoka juu kidogo ili yabebe hewa yanapogonga maji ya tangi. Pampu ndogo ya hewa yenye mawe ya mapovu hukamilisha kazi. Mashine ya kupoza maji ni ghali, na sipendekezi mtu ainunue kabla ya kumaliza haya yote.

Kisababishi cha pili ni mwanga unaopenya mferejini au tangini na kuotesha mwani. Mwani wenyewe hauli letusi, lakini hutumia oksijeni usiku, huziba vimrija, na hulisha vijidudu. Ziba kila tundu lisilo na mche.

Cha tatu ni kimelea chenyewe, ambacho aghalabu ni Pythium, kiumbe kidogo kinachofanana na ukungu na kuozesha mizizi. Huingia na maji ya bwawa, vumbi, trei zisizooshwa au viatu, na hushambulia mizizi iliyokwisha kudhoofishwa na joto na ukosefu wa hewa. Ndiyo maana kuua viini bila kurekebisha joto hurudisha ugonjwa katika awamu inayofuata ya upandaji. Ondoa mimea iliyoathirika pamoja na mizizi yake yote, mwaga maji, sugua mifereji hadi utelezi uishe, kisha pitisha maji yenye klorini. Dawa ya kufulia yenye hipokloriti asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, inatosha. Iache kwa nusu saa na usuuze mara kadhaa. Kazi hii hufanywa mfumo ukiwa hauna mimea.

Onyo ambalo halipaswi kusahaulika: klorini na asidi zisikutane kamwe, iwe ndooni, tangini au kwenye bomba. Gesi inayotoka huunguza mapafu, na katika kivungulio kilichofungwa haina pa kutokea. Zihifadhi vyumba tofauti.

Ikiwa uozo umerudi mara mbili baada ya kusafisha na kupoza maji, acha kubahatisha. Funga mimea iliyoanza tu kuugua, ikiwa na mizizi yake kwenye karatasi yenye unyevu, na uipeleke maabara ya KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea) au ya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) kule Kabete. Mmea uliokufa kabisa hausemi lolote, kwa kuwa vimelea vya kuozesha huwa vimeshakifunika kimelea cha kwanza.

Majani yanageuka manjano

Tazama ni majani yapi. Jani changa la katikati likiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, tatizo ni chuma. Majani ya zamani ya chini yakiwa manjano yote, ni nitrojeni. Majani ya zamani yakiwa manjano kati ya mishipa, ni magnesiamu.

La chuma ndilo linalojitokeza zaidi, na mara nyingi chuma kimo majini ila mmea hauwezi kukichukua kwa sababu pH imepanda. Rekebisha pH kwanza na usubiri siku tano. Majani mapya yakitoka kijani, hukuhitaji kununua kitu. Ikiwa maji yako hupenda kupanda, soma pakiti ya chuma unachotumia. Kile chenye herufi EDTA huanza kuachia chuma pH ikipita 6.5 hivi, chenye DTPA huvumilia hadi karibu 7, na chenye EDDHA huvumilia zaidi ya hapo. Mwanga wa jua pia huvunja chuma cha aina hizi, hivyo tangi la mbolea lisiwe la plastiki inayopenyeza mwanga.

Ukosefu wa nitrojeni ni nadra ikiwa EC ni sahihi, isipokuwa katika hali moja ambayo nataka isomwe kwa makini. Mita ya EC huhesabu chumvi zote kwa pamoja. Haijui nitrati ni ipi na sodiamu ni ipi. Maji ya visima virefu vya Nairobi yana kawaida ya kuwa na sodiamu na bikaboneti nyingi, na floraidi pia. Letusi huchukua sodiamu kidogo tu, kwa hiyo inayobaki hujilimbikiza kila tangi linapojazwa tena, hadi mita inasoma 1.6 ilhali sehemu kubwa ya namba hiyo ni chumvi isiyo chakula. Pima EC ya maji matupu kabla ya mbolea. Ikizidi 0.5, panga kumwaga tangi lote kila wiki mbili au tatu, na upeleke sampuli maabara ujue kilichomo. Maji yanayomwagwa yasiingie mtoni. Yanywesheeni mabingobingo au miti.

Magnesiamu hukosekana hasa pale potasiamu ilipoongezwa kupita kiasi. Rejea kwenye kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa mbolea.

pH haitulii, au kuna unga mweupe chini ya tangi

Ikiwa pH hupanda kila asubuhi hata baada ya kuishusha jioni, bikaboneti ya kisimani ndiyo inayoisukuma. Chukua lita 20 za maji matupu, tia asidi tone kwa tone huku ukihesabu, subiri saa moja na upime tena. Kiasi kilichohitajika kikigawanywa kwa 20 kisha kikizidishwa kwa idadi ya lita za tangi ndicho unachopaswa kutia kabla ya mbolea, si baada yake.

Ikiwa pH huyumba juu na chini kwa haraka, huenda unatumia maji ya jiji, yale yatokayo mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ambayo ni laini na hayana cha kuizuia pH isikimbie. Hapo tumia asidi iliyozimuliwa sana. Wanaonunua maji ya bowza wapime kila gari linapofika, kwa sababu la leo huenda lilijazwa mahali tofauti na la juzi.

Unga mweupe kwa kawaida ni jasi au fosfati ya kalsiamu, nao hutokea nitrati ya kalsiamu ikikutanishwa na salfati au fosfati zikiwa bado nzito. Ndiyo sababu mbolea huwa na tangi A na tangi B. Jaza maji kwanza, tia A, koroga, kisha B. Kilichokwisha kuganda hakirudi kuwa chakula, kimwage.

Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi. Vaa miwani, glavu na aproni. Ikikurukia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15 kisha nenda hospitalini hata kama maumivu yametulia.

Kingo za majani machanga zimeungua

Ugonjwa huu unaouma zaidi, kwa sababu huonekana siku chache kabla ya mavuno na hoteli hurudisha kreti nzima, si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji yanayovutwa na jani linapopumua, yaani linapotoa mvuke. Majani ya nje hupumua sana na hupata yote; yale madogo yaliyofumbatana katikati hayapati upepo, hayapumui, na kingo zake hufa kwa njaa huku tangi likiwa na kalsiamu tele. Ndiyo maana kunyunyizia kalsiamu juu ya majani husaidia kidogo tu: haifiki pale inapotakiwa.

Kwanza, hewa. Shika ukanda mwembamba wa karatasi juu ya moyo wa mmea saa sita mchana. Usipotikisika, fungua kuta za pembeni au weka feni zinazopuliza kuelekea chini kwenye mimea. Zile zinazopuliza juu ya vichwa vyetu hazisaidii letusi. Pili, mwendo wa ukuaji. Tatizo huzuka hasa mwezi wa Septemba, jua linaporudi ghafla baada ya mawingu ya Juni hadi Agosti na mimea kukua mbio kuliko kalsiamu inavyosafiri. Tandaza neti ya kivuli kwa wiki ya kwanza ya jua hilo, na ushushe EC hadi 1.2 hivi. Tatu, uwiano: amonia na potasiamu nyingi huizuia kalsiamu kuingia mzizini. Nne, aina ya mbegu. Aina zenye majani yaliyoachana huumia kidogo kuliko zinazofunga kichwa, na kwa baadhi ya vivungulio vya Athi River nimeshauri kubadilisha aina badala ya kuendelea kupigana.

Ukuaji umezorota

Mwezi wa Julai hili si tatizo, ni baridi na mawingu; ongeza siku kwenye ratiba na uwaambie wanunuzi mapema. Wakati mwingine wowote, tazama juu. Polithini iliyojaa vumbi hunyima mimea mwanga mwingi, na kuiosha kwa maji na sponji laini kabla ya msimu wa baridi ni kazi ya siku moja. Usipande juu ya paa. Tumia brashi ndefu, na polithini iliyochakaa ibadilishwe na mafundi waliozoea, siku isiyo na upepo.

Mbegu hazioti, au mimea inatoa shina la maua

Zote mbili ni kazi ya joto. Mbegu ya letusi hulala joto likizidi nyuzi 28 hivi, na nyingi huhitaji mwanga, kwa hiyo usizifukie wala usizioteshe chini ya mabati mwezi wa Februari. Mimea mikubwa inayorefuka na kuwa michungu imepata joto mfululizo. Urefu wa siku hausingiziwi hapa, maana Nairobi iko karibu na ikweta na mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima.

Madoa na ukungu

Madoa ya manjano yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa, na utando mweupe upande wa chini ni ubwiri vinyoya. Ukungu wa kijivu shinani ni Botrytis. Yote mawili hupenda majani yaliyolala na umande, hivyo pitisha hewa asubuhi na mapema, panda kwa nafasi, na ondoa majani yaliyoguswa yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ukilazimika kutumia dawa, iwe imesajiliwa na PCPB, bodi inayodhibiti viuatilifu, kwa ajili ya letusi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zifuatwe hata kama mteja anangoja mlangoni, kwa kuwa letusi huliwa mbichi. Dawa ya majani isitiwe kamwe kwenye tangi la virutubisho. Na ikiwa madoa yanaenea licha ya dawa mbili tofauti, usinunue ya tatu: mwite afisa wa kilimo auone mmea ungali shambani.